Kana Inavuta, Chombo Hakinyooki: Pa Kuanzia

Ukimwona nahodha kiwiko kimegota mbavuni, mguu ameukita kwenye mbao na kana, yaani mkono wa usukani, bado inataka kumponyoka, jua kuna kitu hakijakaa mahali pake. Usukani wenyewe mara nyingi hauna kosa, unasema tu. Wengi hapo hapo huanza kuulaumu mlingoti, au fundi aliyeunda chombo, wakati dawa iko kwenye kamba waliyoishika mkononi au kwa mtu aliyekaa pasipo pake.

Haya yanahusu mashua, dau dogo na ngalawa, yaani vyombo vya tanga moja la pembetatu lililofungwa kwenye foromali (mti mrefu unaotundikwa mlingotini kubeba tanga), vya mita 4 hadi 8 hivi. Nikisema demani pekee nazungumzia kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Upande upepo unakokwenda nitauita upande wa demani, na upepo unakotoka ni joshini.

Pima kabla ya kugusa kitu

Chagua siku upepo umetulia, si wakati wa maleleji ambapo upepo hauna kauli moja. Tafuta maji bapa, ndani ya mwamba ikiwezekana. Panda joshini kadiri tanga linavyokubali bila kupepea. Kwa tanga letu hiyo ni kama nyuzi 60 kutoka upepo unakotoka. Ukilazimisha 45 kama boti za kisasa za mashindano, chombo kitasimama na utadhani kina ugonjwa ambao hakina.

Halafu tazama kana iko wapi. Piga alama ya rangi shetrini, yaani nyuma ya chombo, pale kana inapokuwa katikati kabisa, kisha pima ilivyosogea unapokwenda. Kana ya mita 1 ikisogea sentimita 9, usukani umepinda nyuzi 5. Sentimita 17 ni nyuzi 10, na sentimita 26 ni nyuzi 15. Hadi nyuzi 5, kana ikiwa imevutwa joshini, chombo ni kizima. Kwenye 10 unaburuta breki majini. Kwenye 15 maji yanaanza kuachana na ubao wa usukani, na upepo ukiongezeka kidogo chombo hakikusikii tena.

Mwisho, iachie kana. Chombo kizima hugeuka polepole kuelekea joshini, nawe una nafasi ya kuishika tena bila haraka. Kikiruka kwenda joshini, soma sehemu inayofuata. Kikianguka upande wa demani, hiyo ni hatari zaidi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu yake.

Kule kuvuta kidogo joshini tunakutaka. Upepo ukikupiga ghafla, chombo kinapanda na kulipumulia tanga badala ya kulala zaidi. Lakini kwa tanga la pembetatu kuna mpaka: kikipanda hadi upepo uingie upande wa pili, tanga linabanwa kwenye mlingoti na chombo kinaanza kurudi nyuma huku foromali imekwama. Kwenye mawimbi ya kusi, upepo wa kusini, hilo si jambo la kuchezea.

Kinapanda joshini, kana nzito

Tanga lina mahali pake linaposukumwa na upepo, na tumbo la chombo lina mahali pake linaposhikwa na maji. Mahali pa tanga pakiwa nyuma ya mahali pa maji, shetri inasukumwa upande wa demani na omo, yaani mbele ya chombo, linapanda joshini, kama mlango uliosukumwa mbali na bawaba zake. Basi unachotafuta ni hiki: nini kimelipeleka tanga nyuma, au nini kimeupeleka mshiko wa maji mbele?

Kuna swali moja linaloondoa nusu ya kazi. Je, kana inavuta hata upepo ukiwa mdogo na chombo kimesimama wima? Kama ndiyo, tatizo ni mahali tanga lilipo. Kama inavuta upepo ukiongezeka tu, tatizo ni kulala kwa chombo, ukubwa wa tanga, au tanga lenyewe kuchoka. Usiguse mlingoti kabla ya kulijibu swali hili.

Kwa vyovyote, anza na demani. Ilegeze mpaka ukingo wa tanga nyuma tu ya foromali uanze kupepea, kisha vuta kiasi cha kuutuliza, basi. Watu hupenda kukaza, kwa sababu tanga lililokazwa linaonekana linafanya kazi. Ukweli ni kwamba limeacha kuvuta mbele, linasukuma shetri pembeni. Usipoamini macho yako, bandika vipande vya utepe wa kaseti kuukuu, kila kimoja urefu wa shibiri, pande zote mbili za tanga, karibu na foromali, sehemu tatu: chini, kati na juu. Vikilala vyote nyuma, uko sawa. Kikirukaruka cha upande wa demani, umekaza mno: legeza, au panda joshini kidogo. Kikirukaruka cha joshini, umelegeza mno au umepanda mno.

Angalia pia demani inafungwa wapi. Ikifungwa mbele sana, inavuta pembe ya tanga kwenda chini, na ukingo wa nyuma unakakamaa na kujikunja kuelekea joshini. Ukingo huo uliojikunja peke yake unatosha kuifanya kana iwe nzito. Sogeza pa kufungia nyuma kwa shibiri moja, uone. Chini tanga litanyooka, na juu litafunguka na kuacha upepo upite.

Ikiwa tabu inakuja na upepo, tazama chombo kinavyolala. Kikilala, tanga linaning'inia nje ya ubavu na nguvu yake inavutia huko nje, kwa hiyo omo linazungushwa joshini hata kama mlingoti na foromali viko mahali sahihi kabisa. Hapa usukani hausaidii. Watu ndio wanaosaidia. Kwenye mashindano ya mashua kule Lamu mabaharia hukaa juu ya ubao uliochomozwa nje joshini, na huusogeza uzito wao kila upepo unapopanda au kushuka. Huhitaji ubao wa mashindano kwenda kuvua, ila abiria watatu wakihama kutoka upande wa demani kuja joshini utaisikia kana ikilainika pale pale. Na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo? Chombo kikilala nayo yanakimbilia upande ule ule uliolala, yanakilaza zaidi. Shika upo uyachote kwanza, ndipo ufikirie mengine.

Vyombo vyetu vingi havina mishipi ya kupunguzia tanga. Desturi ni kuwa na tanga zaidi ya moja, dogo kwa kusi kali na kubwa kwa upepo mwororo. Mwenye tanga moja tu, na akalishona kwa ajili ya kaskazi, upepo wa kaskazini, asishangae chombo chake kikiwa mbogo mwezi wa Juni na wa Julai.

Mbele na nyuma nako uzito una lake. Omo likizama, maji yanakishika chombo mbele zaidi na kinapanda joshini. Mara nyingi sababu ni sanduku la barafu lililowekwa omoni kwa sababu ndiko kwenye nafasi, au nanga na kamba zake zote. Rudisha vitu hivyo kati, au sogeza farumi (uzito wa kukituliza chombo) nyuma kidogo. Lakini usizidishe: shetri ikizama sana inaburuta maji, na unapoteza kasi uliyokuwa unaitafuta.

Sasa tanga lenyewe. Kitambaa cha pamba hutanuka, na turubai za plastiki zilizogeuzwa matanga hutanuka na kubaki hivyo. Tumbo la tanga linahama nyuma, na kana inakuwa nzito zaidi kila msimu bila mtu kubadilisha chochote. Lala chali chini ya tanga chombo kikiwa kinakwenda, utazame juu. Tumbo liwe mbele ya nusu ya upana. Ukiliona limekaa nyuma ya nusu, vuta kitambaa kwenye foromali: fungua vifungo, nyoosha kutoka pembe ya mbele hadi ncha ya juu, kisha funga upya. Makunyanzi yanakueleza umefika wapi. Yakitoka kwenye kila kifungo kama miale, kitambaa bado kimelegea. Likitokea kunyanzi moja refu linalokwenda sambamba na foromali, umepitiliza. Kazi hii ni ya saa nzima na ni ya kuchosha vidole, lakini naiona ina faida kuliko nusu ya ukarabati tunaolipia mafundi.

Foromali ikaguliwe hapo hapo. Ile iliyoungwa kwa miti miwili hulegea pale kwenye kiungo, na ikilegea inapinda katikati kwa njia isiyotarajiwa, tumbo la tanga linajiamulia pa kukaa. Shika kiungo kwa mikono miwili ukisokote. Kikilia au kikicheza, kamba zake zikazwe upya.

Kama hata kwenye upepo mdogo, chombo kikiwa wima, kana bado inavuta, ndipo uhamishe tanga zima. Njia rahisi ni fundo la henza, kamba ya kutwekea, kwenye foromali. Lisogeze kiganja kimoja kuelekea ncha ya juu, ili sehemu kubwa zaidi ya foromali ipite mbele ya mlingoti. Tanga lote linakwenda mbele. Itabidi ufunge upya kamba ya joshi omoni, kwa sababu pembe ya mbele nayo imesogea. Tweka, jaribu, pima kana. Kiganja kimoja kila mara, usiongeze.

Mlingoti ni wa mwisho, na kabari zake zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Tuseme ubao unaoushika mlingoti uko sentimita 50 juu ya kitako chake, na mlingoti una mita 5. Kabari ya sentimita 2 ukiigonga nyuma ya mlingoti, kwenye ubao huo, ncha ya juu inakwenda mbele sentimita 20, na foromali yote inafuata. Kwa hiyo kabari nyembamba. Na kabla ya kugonga, angalia kama kitako kinacheza kwenye tundu lake. Tundu lililoliwa na maji linafanya mlingoti ulale tofauti kila siku, na hapo hakuna kipimo kitakachodumu.

Mwenye boti ya klabu yenye ubao wa katikati unaokunjwa ana njia ya mkato: akiuinua ubao kidogo, unarudi nyuma pamoja na mshiko wa maji, na kana inapungua uzito.

Kinaangukia upande wa demani

Dawa ni zile zile, kinyume chake: kaza demani, sogeza uzito mbele, rudisha fundo la henza kuelekea pembe ya mbele, punguza kabari ya nyuma. Lakini usitoke nje ya mwamba mpaka umemaliza. Chombo cha namna hii, kana ikikuponyoka, kinageuza mgongo kwa upepo, tanga linajaa na kinazidi kukimbia, mtu aliyeanguka majini anaachwa.

Kwenye ngalawa kuna sababu ya pekee. Ndubi (mti unaoelea ubavuni) ya upande wa demani ikizama sana, maji yanaishika na kuivuta nyuma, na omo linageuka kuifuata. Ndiyo maana ngalawa iliyolemewa inaweza kuanza kuangukia upande wa demani pale pale ambapo mashua ingepanda joshini. Ukikuta hivyo, tatizo si tanga. Punguza mzigo, hamisha watu joshini, au angalia kama kamba za miti inayoshika ndubi zimelegea na kuiacha ishuke.

Upande mmoja kizuri, upande mwingine kinagoma

Uliza kwanza tanga liko upande gani wa mlingoti. Ukigeuza chombo bila kuzungusha foromali, tanga linabaki limeubandikia mlingoti, tumbo limekatwa vipande viwili, na bila shaka chombo kitakuwa kizito upande huo. Kwa safari fupi ya kubisha, yaani kupanda joshini kwa kugeuza huku na huku, watu huvumilia, nami sioni ubaya. Ila usipime chochote katika hali hiyo. Zungusha foromali, pima tena, na mara nyingi malalamiko yanaishia hapo.

Yasipoisha, pandisha ngalawa mchangani na utafute uzi usiotanuka. Pima kutoka ncha ya omo hadi ncha ya mbele ya kila ndubi. Namba mbili ziwe sawa. Kisha pima umbali kati ya ndubi mbili kwa mbele, na kati yao kwa nyuma. Ndubi iliyofungwa ikiwa imekengeuka inafanya kazi ya usukani wa pili, na inafanya hivyo ikiwa majini tu, yaani ikiwa upande wa demani. Ndiyo maana ugonjwa unaonekana ukielekea huku na kupotea ukielekea kule. Kwa mashua, kaa shetrini na uulinganishe mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo) na omo kwa jicho moja: chombo kilichokaa miezi kimeegemea ubavu mmoja juu ya mchanga kinaweza kuwa kimepinda.

Na usisahau mawimbi. Wakati wa kusi, ukitoka Unguja kuelekea kusini, upande mmoja unayapokea mawimbi usoni na upande mwingine ubavuni. Tofauti hiyo si ya chombo.

Kinakwenda, lakini hakifiki

Omo linaelekea unakotaka, povu linaonekana, na bado saa moja baadaye uko mbali na ulipotarajia. Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho: chombo kinateleza pembeni, au bahari yenyewe inakubeba.

Yatenganishe kwa uzi. Funga uzi wa mita 2 katikati ya shetri, mwisho wake uwe na kifundo, uache uelee nyuma. Ukikaa kwenye mstari wa chombo, hutelezi. Kifundo kikiwa sentimita 17 pembeni ya mstari huo, unateleza nyuzi 5, na kwa chombo kisicho na mkuku mrefu hilo ni la kawaida. Kikifika sentimita 35 ni nyuzi 10, na kuna la kutafuta: demani iliyokazwa mno, chombo kinacholala, ndubi zilizoliwa kingo, au tumbo lenye majani. Chombo kichafu kinakwenda polepole, na kinachokwenda polepole maji hayakishiki. Kukwangua, kuchoma kwa makuti na kupaka deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) ni sehemu ya kurekebisha tanga, hata kama kazi inafanyika chini.

Uzi hauoni mkondo, kwa kuwa nao unaelea ndani ya maji yale yale. Ndiyo faida yake. Uzi ukiwa umenyooka na wewe bado unapotea, sababu ni maji. Mkondo mkuu wa pwani ya Tanzania unapanda kaskazini mwaka mzima. Kusi inauongezea kasi, kaskazi inaupunguza. Ongeza na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, ambayo Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, utaona kwa nini chombo kilichofika vizuri juzi leo kimekwama. Chagua vitu viwili vya nchi kavu vinavyolingana, kimoja mbele ya kingine. Anayetoka Mji Mkongwe au Fumba ana mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa 1904, na chochote kilicho nyuma yake. Vikiachana, na uzi wenyewe hausemi kitu, subiri maji yageuke. Hakuna kabari inayotibu mkondo.

Kinakataa kugeuka unapobisha

Kosa la kawaida ni kuisukuma kana mpaka mwisho kwa pigo moja. Usukani unasimama kama ukuta, chombo kinakufa kasi upepo ukiwa usoni. Ongeza kasi kwanza kwa kulegeza demani kidogo na kuanguka nyuzi chache, subiri mawimbi makubwa yapite, kisha peleka kana polepole huku ukikaza demani. Mtu mmoja asogee mbele wakati omo linapanda, arudi kati likishavuka. Kikisimama na kuanza kurudi nyuma, geuza kana kinyume na ulivyokuwa umeishika, kwa sababu maji sasa yanaupiga usukani kutoka upande wa pili. Kwenye bahari iliyochafuka mimi napendelea kugeuza kwa nyuma, shetri ikatize upepo, foromali izungushwe mbele ya mlingoti kwa utulivu. Unapoteza masafa kidogo, huvunji kitu.

Upepo wa nyuma, chombo kinalewa

Kikiyumba huku na huku, tanga limefunguliwa mno na juu linamwaga upepo mbele ya mlingoti. Kaza demani kidogo, watu warudi nyuma, na usiende na upepo mgongoni kabisa. Nyuzi 15 pembeni zinatosha kukituliza, tena zinakuepusha na tanga kujigeuza lenyewe.

Kana inatetemeka

Kutetemeka si kuvuta. Kama mkono unasikia mtetemo kadiri kasi inavyoongezeka, angalia bawaba za usukani: tundu likiwa pana kuliko msumari wake, ubao unacheza. Bawaba zikiwa nzima, tazama ukingo wa nyuma wa usukani. Mafundi wengi huuacha mnene na mraba, kama ulivyotoka kwenye msumeno. Uchonge kwa randa uwe mwembamba, unene wa milimita 5 hivi unatosha, pande zote mbili sawa, kisha upake sifa (mafuta ya papa) kabla ya kuurudisha majini.